Bei ya Lomorukai

Bulla Pesa, Isiolo
9 Februari 2025

Abti Yahye,

Salaam aleikum, mjomba, na umalize kuipokea salaam hii kabla hujauliza kwa nini mpwa wako anakuandikia kwa kalamu kama mtu wa zamani. Kwenye simu umenikatia mara mbili. Karatasi haikatiki, ndiyo maana nimeenda posta.

Mama anakusalimu. Goti lake linamsumbua na anasema dawa uliyomtumia ina harufu ya rangi ya mlango, lakini anajipaka. Kaka yangu Abdimajid bado anauza ngamia sokoni, ingawa wanyama wamekonda na wanunuzi wamekuwa na midomo mirefu. Lori lake liliharibika Kinna likakaa huko siku tano. Mvua hatujaiona.

Sasa neno lenyewe. Ni mwaka wa pili tangu mimi na wewe tuingize Punda wa Isiolo kwenye ligi ya kulipwa ya besiboli, wewe kwa fedha na ushauri kutoka klabu unakofanya kazi huko Minnesota, mimi kwa jasho na sauti. Unamjua Lomorukai kwa video nilizokutumia. Ni yule mdakaji wetu wa kutoka Ngaremara, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kumwuliza habari za mbuzi wake hadi mpigaji anasahau mpira. Nusu ya watu wanaolipa pale mlangoni wanakuja kumsikiliza yeye.

Kinoti, mwenye timu ya Meru, anasema amemnunua kwa laki nne na anataka ahamie kwake kabla ligi haijaanza Septemba. Mimi nasema hakuuzwa. Hakuna karatasi, hakuna sahihi. Mzee Abdighani, yule dalali mkuu wa soko la mifugo, anasema ameuzwa. Kwa nini Abdighani anasema hivyo ni hadithi ndefu na ukurasa umeisha.

Kwenu huko, mtu akidai amenunua mchezaji bila karatasi, mnamfanyaje? Nijibu kwa barua. Usinipigie.

Faiza wa dada yako Asho


Minnesota
16 Machi 2025

Faiza, abti yangu,

Wa aleikum salaam, mpwa wangu. Ramadhani njema, ingawa najua barua hii itakufikia sambusa zimekwisha. Mwambie dada yangu harufu ya dawa ndiyo dawa yenyewe. Huku theluji bado iko na mimi bado nina afya. Kazini ni salama.

Ukurasa wako haukuwa umeisha. Niliugeuza nikakuta nyuma ni tupu. Kuna kitu unakificha, na mimi nilikubeba mgongoni ukiwa na miaka miwili, kwa hiyo usinichezee.

Jibu langu ni fupi: mwuze. Laki nne ni mishahara ya timu nzima kwa miezi mitatu. Mdakaji ana magoti, na magoti ya mdakaji hayazeeki polepole. Miaka miwili ijayo hakuna atakayekupa hata elfu hamsini. Hii ndiyo sababu nilikufundisha uweke daftari, kila mchezaji na bei yake, ili siku ya kuamua moyo usikudanganye.

Unasema watu wanakuja kumsikiliza akiongea na wapigaji. Nikueleze kisa. Klabuni kwetu tulikuwa na kinyozi aliyewanyoa watazamaji bure palepale jukwaani mchezo ukiendelea. Watu walimpenda sana. Mimi nilihesabu nikaona kiti chake kimekalia nafasi ya tiketi tatu kila mechi, mechi hamsini kwa mwaka. Nikamtoa. Walilalamika wiki mbili, halafu wakanyamaza. Mchezo ni wa uwanjani, Faiza. Nje ya mistari ni biashara, na mwenye kuchanganya hivyo viwili hulala njaa.

Na sasa niambie: Abdighani hasemi "ameuzwa" asipoona mkono umetolewa, basi ni nani aliyempa Kinoti mkono?

Abti wako Yahye


Bulla Pesa, Isiolo
20 Aprili 2025

Abti,

Salaam aleikum. Mvua imenyesha hatimaye, siku tatu mfululizo, na Mama amepanda mchicha kwenye kila sufuria iliyotoboka. Abdimajid ameuza ngamia wanne kwa bei nzuri. Idi tulikula hadi tukaoneana haya.

Umeuliza nani alitoa mkono. Ni mimi.

Sina haja ya kukueleza biashara ya chini ya shuka, ya kupatana bei kwa kubanana vidole, umezaliwa ndani yake, lakini nitaieleza hatua kwa hatua ili usije ukasema nimeruka kitu. Ilikuwa mwisho wa Januari, mechi ya kirafiki na Meru. Unajua kila mechi ikifika zamu ya tano tunawapa watu burudani. Tumeshakimbiza punda, tumeshashindanisha akina mama kurusha mpira. Siku hiyo niliamua tuigize soko la mifugo. Nilimwita Kinoti katikati ya uwanja, nikamwita Mzee Abdighani ashike shuka, na tukamsimamisha Lomorukai kando. Yeye mwenyewe alikubali, akalia kama beberu na watu wakavunjika mbavu. Nilivaa glavu nyembamba za wapigaji nisiguse mkono wa mwanamume, na bado Mama hajanisamehe kwa hilo peke yake.

Chini ya shuka Kinoti alinibana vidole viwili, yaani laki mbili, na mimi nikawa nawatangazia watazamaji kila bei. Nikautikisa mkono nikakataa. Akanibana vitatu. Nikakataa, nikambana vinne. Akakubali, akabana vinne vilevile, na Abdighani akapaza sauti kwamba mali imepata mwenyewe. Uwanja mzima ulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kesho yake asubuhi Kinoti alikuja na laki nne ndani ya bahasha ya kaki. Nilidhani anaendeleza mzaha, nikaikataa. Akaniambia, "Mkono ni mkono, Faiza. Mimi nanunua ng'ombe kwa hii soko miaka ishirini, na sijawahi kuona mtu akirudisha mkono." Nikamkimbilia Abdighani anitetee. Akasema chini ya shuka hakuna mchezo, hakujawahi kuwa na mchezo, na kama nilitaka kucheza ningetumia kitu kingine.

Nilidhani Lomorukai atacheka pia. Hakucheka. Anakuja mazoezini kwa saa yake na anadaka vizuri, lakini nyuma ya mpigaji hasemi neno. Nilimfuata nikamwambia ulikuwa mzaha, nani angeuza mtu? Hili alilonijibu linanichoma mpaka leo. Alisema, "Mimi sijakasirika juu ya mchezo. Mimi mwenyewe nililia kama mbuzi. Lakini Kinoti alitaja mbili ukakataa, akataja tatu ukakataa, na wewe ukataja nne bila kufikiria. Hiyo bei ulikuwa nayo kwa kichwa tayari."

Na kweli nilikuwa nayo, Abti. Iko kwenye daftari lako, ukurasa wa tatu, mstari wa kwanza. Niliiandika Desemba kwa mkono huu, jinsi ulivyonifundisha.

Simwuzi. Usinijibu kwa habari za vinyozi.

Faiza


Columbus, Ohio
8 Juni 2025

Faiza,

Wa aleikum salaam na Idi ya kuchinja njema. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na shughuli nyingi. Mwambie dada yangu apunguze kuinama kwenye hayo masufuria yake. Mimi ni mzima.

Nimeisoma barua yako mara tatu na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Umekosea mara mbili. Kwanza ulilifanyia mzaha jambo lililowalisha watu wa nyumba yetu tangu babu yangu aache jeshi la Mwingereza akaingia sokoni Isiolo na shuka yake moja. Sasa unataka kukosea tena kwa kukataa mkono wako mwenyewe. Baba yangu aliwahi kuuza fahali kwa bei ya ndama kwa sababu vidole vyake viliteleza kwa homa. Hakusema alikuwa mgonjwa. Alimpa mtu fahali wake akarudi nyumbani kwa miguu. Kwa fahali huyo watu walimwamini miaka thelathini, na Abdimajid mpaka leo anauza ngamia kwa jina hilo.

Kijana wa watu ameumia, naelewa. Lakini Kinoti atamlipa vizuri kuliko wewe. Atapoa. Ukiurudisha mkono, hutamwumiza Kinoti, utamwumiza kaka yako.

Na hizo burudani za zamu ya tano zikome kabisa. Umeona zilikokufikisha.

Zile laki nne zipokee. Nusu ni yangu kwa mujibu wa makubaliano yetu, na nitaomba unitumie mapema iwezekanavyo.

Yahye


Bulla Pesa, Isiolo
13 Julai 2025

Abti Yahye,

Salaam aleikum. Nitaanza na Mama, kwa sababu ukisikia yanayofuata unaweza kuitupa barua. Goti limepona. Anatembea mpaka sokoni kila siku, na siku ninayotaka kukusimulia alitembea pamoja nami.

Jumamosi iliyopita nilisimama katikati ya soko la mifugo, saa nne asubuhi, madalali wote wakiwepo. Kinoti alikuwepo. Nilikuwa nimemwomba Lomorukai aje, akaja na mama yake Nakolong, wakasimama mbali karibu na zizi la punda. Nilisema kwa sauti yangu ya uwanjani: "Mimi Faiza binti Warsame nilitoa mkono chini ya shuka kwa mtu asiyekuwa mali yangu. Mtu hauzwi hapa. Mkono huo nauvunja mbele yenu, na soko linitoze linachotaka."

Nilikuwa na hasira, Abti, hasira safi kabisa, kwanza kwangu mwenyewe, halafu kwa kila mtu aliyenishauri tangu Januari kwamba aibu ya kuuza mtu ni ndogo kuliko aibu ya kurudisha mkono.

Abdighani akasema nimpe Kinoti fahali mmoja wa fidia, na kwamba hakuna mtu wa nyumba yetu atakayeingiza mkono chini ya shuka katika soko la Isiolo mpaka wazee wakae wakaamua vingine. Nilikubali yote mawili. Abdimajid alikuwa amesimama na ngamia sita. Aliwafungua bila kuniangalia akaondoka nao. Sasa anauzia mbali huko Merti na kulala Korbesa, na nyumbani hanisemeshi. Hilo ni deni langu kwake na sitajifanya ni dogo. Hata hivyo ningerudia leo.

Kinoti alimpokea fahali wake bila kelele. Aliniambia siku ile naye alicheka kama wengine, ila pesa yake ilikuwa ya kweli. Simchukii. Alicheza kwa sheria anazozijua.

Lomorukai hakunipongeza. Alinisalimu, akasema mkataba wake unaisha mwisho wa Agosti na baada ya hapo ataangalia. Nakolong aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akaniambia ninunue viatu vingine, hivi vimechoka. Mama anasema kwa Nakolong hayo ni maneno matamu.

Burudani za zamu ya tano hazikomi. Nimefuta ya soko tu. Wiki ijayo tunawavisha makocha buibui wakimbie na maji kichwani, na ukitaka kuandika barua kuhusu hilo, andika.

Sasa ni zamu yangu kuuliza. Barua yako ilitoka Columbus. Klabu yako iko Minnesota. Ulisema "mimi ni mzima" na kazi hukuitaja, wewe ambaye huwezi kuomba chumvi bila kutaja kazi yako. Tena ulitaka nusu ya fedha haraka, na miaka miwili hujawahi kuniomba hata shilingi. Ukurasa wangu niliuficha mara moja, ukaugeuza. Na mimi naugeuza wako.

Faiza


Columbus, Ohio
24 Agosti 2025

Faiza, abti yangu,

Wa aleikum salaam warahmatullahi. Msalimu dada yangu, na mwambie nimefurahi kwa ajili ya goti.

Sina kazi tangu mwanzo wa Februari. Siku uliyoandika barua ya kwanza nilikuwa nimeshapewa boksi la kubebea vitu vyangu. Ndiyo maana nilikuwa nakukatia simu. Ulikuwa unauliza habari za klabu na mimi sikuwa na klabu. Machi nilikuandikia "kazini ni salama" nikiwa nimeketi kwenye gari nilimokuwa nikilala. Sasa niko kwa binamu hapa Columbus, na asubuhi nafagia ghala.

Klabu ilinunuliwa na watu wa mbali wanaotaka kuihamishia mji mwingine. Walileta orodha ya vitu vya kupunguza. Nilikuwa mstari wa kumi na moja, baada ya taa za maegesho: jina langu, na mbele yake gharama yangu kwa mwaka. Kijana aliyenisomea hakuwa na ubaya wowote. Kazi hiyo mimi ndiye niliyemfundisha.

Nikuambie na mwisho wa yule kinyozi, kwa kuwa nilikupa nusu ya kisa. Watu hawakunyamaza baada ya wiki mbili. Waliacha kuja. Walipungua kidogo kidogo, msimu baada ya msimu, na mimi nilikuwa nikitafuta sababu kwenye bei ya soda. Kabla sijaondoka mjini nilienda dukani kwake. Alininyoa vizuri sana, na pesa yangu akaikataa. Nimeshatukanwa katika maisha yangu, lakini sijawahi kuumia namna ile.

Nusu ya laki nne niliitaka kwa sababu nilikuwa na shida nayo. Nikaivika jina la baba yangu ionekane ni heshima. Umesimama peke yako sokoni wakati mimi nakuhubiria fahali. Nisamehe. Abdimajid nitamwandikia mwenyewe, na nitamweleza kosa langu lilipoanzia, ili hasira yake igawanyike tupate kila mtu sehemu yake.

Lakini usidhani nimelainika. Bado nasema timu bila hesabu hufa, na wewe hesabu zako ni mbovu. Andika gharama za mipira, za petroli, za mishahara. Majina ya watu yatoe kwenye safu ya bei. Na mkataba wa Lomorukai ukiisha, usimbembeleze wala usimkumbushe ulichomfanyia pale sokoni. Mwulize anataka nini, halafu funga mdomo usikilize, jambo ambalo kwa mtu wa nyumba yetu ni gumu kuliko kutoa fahali.

Yahye


Bulla Pesa, Isiolo
5 Oktoba 2025

Abti Yahye,

Salaam aleikum. Mama alilia kwa ajili ya lile gari ulilolala, kisha akakukasirikia, kisha akaniagiza nikuandikie kwamba chumba cha nyuma kimepakwa chokaa. Abdimajid alipata barua yako. Hakuniambia ilisema nini, lakini Ijumaa aliniomba nimpitishie chumvi, na hayo ni maneno manne aliyonipa kwa mkupuo baada ya miezi mitatu.

Nilifanya ulivyosema. Nilimwita Lomorukai hotelini kwa chai, nikamwuliza anataka nini, nikafunga mdomo. Alikunywa vikombe viwili kabla hajajibu. Anataka kwenda Meru.

Aliniambia pole pole, kama mtu anayemtoa mwingine mwiba. Alisema aliniona pale sokoni na alijua imenigharimu. Alisema hana kinyongo. "Lakini kama nikibaki, watu watasema nimebaki juu ya ile fahali ulilipa. Nataka mahali nimeenda na miguu yangu." Kwa jinsi nilivyokuwa na maneno tayari, Abti, karibu nijing'ate ulimi. Sikusema hata moja.

Siku tatu baadaye Kinoti alikuja Isiolo na karatasi. Lomorukai alikataa mshahara alioukuta umeandikwa, akataja wake, mkubwa zaidi. Kinoti akajaribu kupunguza, yule akasimama kutaka kuondoka, na Kinoti akakubali. Mimi sikupata kitu, kwa kuwa mkataba wangu naye ulikuwa umekwisha na ligi hainidai wala hainilipi.

Mji mzima unajua. Wanasema binti Warsame alikataa laki nne, akatoa fahali juu, akafungia nyumba yao soko, halafu mchezaji akaenda palepale alikotakiwa, bure. Abdighani amenieleza hesabu hiyo kwa vidole vyake hadharani. Waache waseme. Tumeshacheza mechi tatu na tumepoteza mbili. Mdakaji wetu mpya, Ekuam, anafumba macho mpira ukija. Watu bado wanajaza uwanja, nami bado nawachekesha, na atakayeniambia nilie kwanza ndipo nicheke atanisubiri sana.

Njoo nyumbani. Siwezi kukulipa mshahara wa Marekani, na hesabu zangu ni mbovu kweli. Ukija, mshahara wako utautaja mwenyewe.

Limebaki jambo moja. Karatasi ile ilihitaji shahidi wa upande wake. Kinoti alimwambia aite ndugu au mchungaji wake. Lomorukai alisema, "Faiza atashuhudia," akanisogezea kalamu. Kati ya watu wote wa Isiolo na Ngaremara. Niliandika jina langu chini ya lake, nikatoka nyuma ya hoteli nikalia mpaka nikashiba, kisha nikanawa uso nikaenda mazoezini.

Mpwa wako,
Faiza